Ekslibrisi ya mandhari ya Irente: nichonge vipi, karatasi gani, gundi gani?

MtunzaRafu

Wakuu, salaam. Naandaa ekslibrisi, yaani kile kibandiko cha mwenye kitabu kinachokaa ndani ya jalada la mbele, kwa maktaba ya nyumbani yenye vitabu kama 340. Zaidi ya nusu ni vya jalada gumu, vilivyobaki ni jalada laini. Vyote vipo Tanga mjini, karibu na bahari.

Picha niliyochagua ni mandhari ya Irente kule Lushoto: mwamba wa kusimamia upande wa kushoto, mlima unaporomoka ghafla, chini kabisa tambarare ya Mazinde na mashamba ya mkonge, halafu ukungu hadi upeo wa macho. Kibandiko kizima kiwe sm 7 kwa 9.5, na picha yenyewe sm 6 kwa 8, imesimama wima. Nina lino (shiti laini la kuchonga na kuchapia) ya kijivu ya unene wa mm 3.2, patasi ndogo za ncha tano, rola ya mpira na kioo cha kusambazia wino. Mashine ya kuchapia sina.

Naomba mnisaidie haya. Mandhari pana kiasi hicho itaingiaje kwenye kipande kidogo bila kugeuka doa jeusi? Jina la ukoo (herufi 8) likae wapi? Karatasi na gundi gani vitavumilia unyevu wa huku? Na je, nakala 400 zinawezekana kwa mkono?

PatasiYaV

Nianze na picha, maana hapo ndipo ekslibrisi nyingi za mandhari zinapoharibikia. Mchongaji anafuata picha ya simu na anataka kila mti uingie. Chapisha picha yako kwa ukubwa uleule wa sm 6 kwa 8, iweke ukutani, simama kama mita moja na nusu, finya macho. Kinachopotea hapo usikichonge kabisa.

Kitakachobaki kigawe katika tabaka tatu za weusi. Mbele, yaani mwamba na kichaka kimoja au viwili, pawe peusi karibu pote, na mikwaruzo michache myeupe ya kuonyesha nyufa. Katikati, yaani mteremko, nyeusi na nyeupe zikaribiane, na mistari ifuate mlima unavyoshuka. Nyuma, yaani tambarare na upeo, weupe utawale na mistari myeusi iwe myembamba kadiri lino inavyoruhusu. Kwa lino nzuri na patasi kali, mstari mweusi wa mm 0.5 unasimama. Chini ya hapo unakatika wakati wa kuchapa, hata kama wakati wa kuchonga ulionekana mzima.

Mkonge wa Mazinde ndio bahati yako. Ile mistari iliyopandwa kwa kamba, ikikusanyika kuelekea upeo, ndiyo itakayompa mtazamaji umbali. Chonga mistari 9 au 10 tu, mipana huku karibu na inayobanana kule mbali, yote ielekee nukta moja iliyo juu kidogo ya upeo wa macho. Usichonge mmea mmojammoja. Ukijaribu kuonyesha majani ya mkonge kwenye tambarare, yatasomeka kama uchafu wa wino.

Milima na ukungu wa mbali usivizungushie mstari wa nje. Mstari mweusi wa nje unavuta kitu mbele, na umbali wote unakufa. Acha umbo litokee pale mistari ya kulala inapoishia.

Anga ni mtego mwingine. Ukitaka iwe nyeupe tupu, lazima uichimbe hadi karibu mm 2, vinginevyo karatasi itazama katikati na kuokota wino kwenye matuta yaliyobaki. Njia nzuri kwa ukubwa huu ni mistari ya kulala, minene juu kabisa na kuzidi kupungua kuelekea upeo. Kanda ya mwisho ya mm 6 au 7 juu ya upeo iache nyeupe. Kwa hiyo hutachimba eneo kubwa, na mwanga utaonekana unatoka kule chini, jinsi ulivyo Irente asubuhi.

Kuhusu kuhamisha mchoro: chora kwenye karatasi ya kunakilia kwa penseli laini, 4B inatosha. Igeuze uso chini juu ya lino, sugua mgongo wake kwa kucha au kijiko. Mchoro utakaa kinyume, na ukichapa utatoka sawa. Ukitumia kaboni bila kugeuza mchoro, mwamba utahamia kulia na jina litasomeka kutoka nyuma. Herufi zinazoponyoka hata kwa mzoefu ni N na S, kwa sababu zikiwa kinyume bado zinaonekana kama herufi. Kabla ya kugusa patasi, piga picha lino kwa simu, igeuze kama kioo, kisha isome.

Pasha lino joto kidogo kabla ya kuanza, dakika chache juani zinatosha, itakatika bila kumeguka. Kama inameguka hata ikiwa na joto, imezeeka, tafuta nyingine. Na unapochonga, lalisha patasi ili ukuta wa kila mstari uwe mpana chini na mwembamba juu. Mstari uliochimbwa hadi chini ya tumbo lake unavunjika ukichapa, na ukishavunjika hauna dawa.

ChapaNyeusi

PatasiYaV kaeleza vizuri. Naongeza kuhusu jina, na hapa afadhali umfuate Thomas Bewick (1753–1828), yule mchongaji wa Newcastle, Uingereza. Karakana yake ilitengeneza ekslibrisi nyingi za mandhari wakati ambapo wenye vitabu wengi walikuwa bado wanabandika ngao za ukoo. Mpango aliourudia ni huu: mwamba au jiwe mbele, kichaka kinaliegemea, mti mmoja, na kwa mbali mnara wa kanisa la St Nicholas la Newcastle. Jina linaandikwa kwenye uso wa jiwe lenyewe. Halining'inii kwenye utepe wala halibanwi chini ya picha.

Wewe mwamba unao tayari. Lainisha uso wake mmoja uwe bapa, wa kama sm 3.4 kwa 1.2, na jina likae hapo jeupe juu ya nyeusi. Herufi 8 kwenye sm 3.4 zinakupa kama mm 4 kwa kila herufi pamoja na nafasi yake. Kwenye lino hicho ndicho kiwango cha chini kwa mkono wa kawaida. Tumia herufi kubwa zisizo na vikia, yaani vijistari vya miishoni. Chonga kwanza ukizunguka tumbo la O, A, R na B kwa patasi ndogo kabisa ya ncha ya U, ndipo ufuate mistari minyoofu. Ukianza na mistari minyoofu, matumbo ya herufi yanabaki na kingo dhaifu.

Maneno "Ex libris" au "Kitabu cha" yawe madogo zaidi, au yaache kabisa. Kibandiko kilichopo ndani ya jalada kimeshajieleza.

Jambo la pili la Bewick linalokufaa ni namna alivyopata umbali. Alichonga kwenye mti mgumu wa Buxus uliokatwa kwa kukingama, ili burini (patasi yake nyembamba ya kuchongea) ikate kwenye vichwa vya nyuzi na isisumbuliwe na mkondo wa mti. Sehemu za mbali za mandhari alizipara kidogo zikawa chini kuliko uso wa ubao, kabla hata ya kuzichonga. Wakati wa kuchapa sehemu hizo zilipata mgandamizo mdogo, zikatoka kijivu badala ya nyeusi kavu. Kwenye lino unaweza kufanya hivyohivyo. Kabla ya kuhamisha mchoro, chukua msasa laini, namba 400, uufunge kwenye kipande bapa cha mbao, sugua eneo la tambarare na upeo kwa kuzunguka hadi lishuke kiasi cha unene wa karatasi mbili. Mpaka wa eneo hilo uwe wa mteremko. Ukiacha ngazi kali, itachapika kama mstari ambao hukuuchora.

Kwa kuwa utachapa kwa mkono, unaongeza athari hiyo kwa kijiko: gandamiza sana kwenye mwamba, lakini kule mbali pitisha tu.

FundiMajalada

Mimi ni wa majalada, nizungumzie karatasi na gundi. Picha nzuri kwenye karatasi mbaya inaharibu kitabu, na kitabu ndicho kilichotangulia.

Karatasi iwe isiyo na asidi, uzito wa gramu 80 hadi 120 kwa mita ya mraba. Usichukue ile nene ya wachoraji ya gramu 300. Inasukuma jalada lisifunge vizuri, na ukingo wake unaacha alama kwenye ukurasa unaotazamana nao. Karatasi inayong'aa nayo iache, kwa sababu wino wa mafuta unakaa juu yake na kuhamia ukurasa wa pili.

Mkondo wa nyuzi ndio watu wanausahau. Nyuzi za kibandiko lazima zielekee sambamba na mgongo wa kitabu, yaani juu kwenda chini. Karatasi ikilowa inatanuka kuvuka nyuzi. Zikiwa zimelala, kibandiko kinatanuka kwa urefu, na kikikauka kinavuta jalada na kulipinda. Kupima ni rahisi: kata kipande cha mraba, weka alama upande wa juu, lowesha uso mmoja. Kitajikunja kama bomba, na bomba hilo linalala sambamba na nyuzi.

A4 nyingi nyuzi zake zinafuata urefu wa mm 297, ila pima bado. Zikiwa hivyo, kata kila karatasi vipande 6, viwili kwa upana na vitatu kwa urefu. Utapata vipande vya mm 105 kwa 99, na ile mm 99 ndiyo itakayosimama wima. Chapa juu yake, halafu ndipo upunguze hadi mm 70 kwa 95. Mm 17 na ushee zinazobaki kila upande ni za kushikia kwa vidole vyenye wino. Nakala 400 pamoja na zitakazoharibika zinataka karatasi 75, yaani vipande 450.

Gundi. Kwa Tanga sikushauri gundi ya unga wa ngano. Ni nzuri na inabanduka kwa maji, lakini mende na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaipenda, na kwenye unyevu inaota ukungu. Wanga uliotengwa kutoka kwenye unga una nafuu, lakini bado ni chakula chao. Gundi nyeupe ya seremala inashika haraka, ila ikishakauka haitoki tena bila kung'oa karatasi ya jalada. Atakayerithi kitabu au atakayekikarabati atakulaumu.

Tumia methiliselulosi ya unga, yaani gundi inayotengenezwa kutokana na nyuzi za mimea. Wadudu hawaifuati, na inabanduka kwa maji hata baada ya miaka. Gramu 3 hadi 4 kwa mililita 100 za maji: nyunyiza unga huku ukikoroga, acha usiku mzima, mabonge yatayeyuka yenyewe. Iwe nzito kiasi cha kubaki kwenye brashi ukiinua.

Kubandika: laza kibandiko uso chini kwenye karatasi taka, paka kutoka katikati kwenda nje hadi kupita kingo, kisha subiri dakika moja ili kitanuke. Hapo ndipo wengi wanakosea. Wanabandika papo hapo, karatasi inaendelea kutanuka ikiwa tayari ndani ya jalada, na mikunjo inatokea. Paka tabaka jingine jembamba mahali palipokauka, weka katikati ya jalada, juu kidogo ya nusu, na sugua kupitia karatasi safi. Kisha weka karatasi ya nta, juu yake karatasi ya kunyonya maji, funga kitabu, weka uzito wa kilo 2 au 3. Baada ya dakika 20 badilisha karatasi ya kunyonya, funga tena, acha saa 24. Ukikosa kubadilisha, unyevu unakwama ndani na jalada linapinda.

Kama kitabu kina kibandiko cha mwenye zamani, usikifunike. Weka chako chini yake au kwenye ukurasa mtupu unaotazamana nacho. Kibandiko cha awali ni sehemu ya historia ya kitabu. Zile za Hilprand Brandenburg, za karibu mwaka 1480, ni miongoni mwa ekslibrisi za kwanza kabisa kuchapwa zinazojulikana, malaika ameshika ngao yenye picha ya fahali. Leo zinatuonyesha ni vitabu vipi aliwapa watawa wa Buxheim, Ujerumani, kwa sababu tu waliomfuata hawakuzibandua.

MtunzaRafu

Asanteni sana wakuu. Nimebaki na mawili. La kwanza, wino: ninao wa maji, wa mashuleni. Nikibandika kwa gundi yenye maji si utachuruzika? La pili, 400 kwa kijiko naona kazi. Mnaonaje nikichapa chache, zilizobaki nikatoa kwenye printa ya nyumbani?

PatasiYaV

Wino wa maji uache kwa kazi hii. Kwanza, wa aina hiyo mara nyingi unayeyuka tena ukiguswa na unyevu. Pili, kwa joto la Tanga unakauka juu ya kioo kabla hujamaliza nakala kumi, unakuwa na punje, na punje hizo zinaziba mistari ya mkonge. Chukua wino wa mafuta wa kuchapia picha. Kwa unyevu wa huko zipe nakala siku 5 hadi 7 zikauke zikiwa zimening'inizwa, zisilaliane.

Sambaza wino mwembamba. Sikiliza rola: sauti ya kunong'ona ndiyo sawa. Ikitoa mlio wa kunata kama gundi, wino umezidi, na mistari ya nyuma itajaa kwanza kwa kuwa ndiyo iliyobanana. Ikijaa, usitumie kitambaa wala pini. Chapa mara mbili tatu kwenye karatasi taka bila kuongeza wino, na kama haitoshi, safisha lino kwa mafuta ya kula na mswaki laini, pangusa ikauke kabisa, anza upya. Mafuta yakibaki, nakala za mwanzo zitatoka na mabaka.

Tengeneza pia fremu ya kadibodi yenye kona mbili, moja ya lino na moja ya karatasi. Bila hiyo picha itakuwa inahama mm 2 au 3 kila nakala, na ukipunguza pembeni, ukingo mmoja unakuwa mnene kuliko mwingine.

Lino yenyewe inavumilia 400 kama kuta za mistari zina mteremko. Mkono ndio hauvumilii. Gawa kazi, na kijiko kiwe cha mbao, maana cha chuma kinang'arisha mgongo wa karatasi na wakati mwingine kuichana.

ChapaNyeusi

Kugawa ni wazo zuri, ila si kwa printa yoyote. Printa ya wino wa maji wa rangi za kawaida itachuruzika palepale gundi inapopenya kutoka nyuma. Ya leza haina tatizo hilo, kwa sababu unga wake umeyeyushwa kwa joto na maji hayaugusi.

Fanya hivi: chapa 120 kwa mkono kwa vitabu vya jalada gumu unavyovithamini zaidi. Chagua nakala moja iliyotoka safi, iskani kwa nukta 1200 kwa inchi, igeuze kuwa nyeusi na nyeupe tupu bila kijivu. Usiskani kwa nukta 300 kisha ukakuza, kingo za mistari zitakuwa na meno na jina litaonekana limetafunwa. Zilizobaki zitoe kwa leza kwenye karatasi ileile isiyo na asidi. Kama una fundi wa chapa za zamani karibu, faili hilohilo anaweza kulitengenezea klishee (bamba la kuchapia) ya zinki, na hapo utapata kibandiko chenye wino ulioingia karatasini badala ya kukaa juu.

Zile za mkono tia sahihi kwa penseli chini ya picha, kulia, na kushoto andika namba, mfano 7/120. Kalamu ya wino itavuja ukipaka gundi. Ukipenda kubadilishana na wakusanyaji wa nje, andika pia X3, alama ya kimataifa ya lino. X1 ni ubao wa kawaida, X2 ni ubao wa kukingama kama wa Bewick, C3 ni shaba iliyoliwa na asidi. Za leza usizipe namba wala X3, kwa sababu mkusanyaji akipata nakala ya leza yenye alama hiyo hatakuamini tena. Mashindano mengi yanadai upande mrefu usizidi sm 13, kwa hiyo vipimo vyako viko salama.

FundiMajalada

Kwa jalada laini, usibandike nyuma ya jalada lenyewe. Lile kadi limepakwa plastiki upande wa nje, kwa hiyo unyevu wa gundi unatanua upande wa ndani peke yake, jalada linajikunja na halirudi. Bandika kwenye ukurasa wa kwanza mtupu, na usipake gundi kibandiko kizima. Paka ukanda wa mm 8 tu kwenye ukingo wa juu, kining'inie hapo. Kama ukurasa huo ni wa karatasi nyembamba ya magazeti, acha kabisa, weka kibandiko ndani ya kitabu bila gundi.

Jaribu kwanza kwenye kitabu kimoja cha bei ndogo, kiache wiki mbili rafuni, halafu kipitishe kidole kwenye kingo nne za kibandiko. Kona zikiwa zimeinuka, gundi ilikuwa nyepesi, ongeza gramu moja kwa kila mililita 100. Jalada likiwa limepinda kuelekea ndani, uliloweka kupita kiasi.